Kupiga Muziki Harusini Kabla Kamati Haijavunjwa: Mwongozo kwa Bendi Ndogo za Dar es Salaam

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanamuziki mwenye bendi ndogo ya watu wanne hadi sita, anayetaka kupata riziki yake katika harusi, sendofu, kicheni pati na sherehe nyingine za watu binafsi jijini Dar es Salaam. Mengi yaliyomo yatamfaa pia mwenzake wa Arusha, Mwanza au Dodoma. Sitaeleza namna ya kujifunza gitaa wala kuimba, kwa kuwa anayefika hapa huwa tayari anayajua hayo. Nitaeleza yale ambayo wengi wetu tuliyajua baada ya kupata hasara: nani hasa anakuajiri, fedha zake zinatoka wapi, anatarajia nini kwako kila nusu saa, na kwa nini mambo yote ya msingi yanapaswa kumalizwa kabla maharusi hawajaingia ukumbini.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo. Mwajiri wako ni kamati ya harusi, na sijapata kufanya kazi na chombo chenye umri mfupi kuliko hicho: huzaliwa miezi mitatu au minne kabla ya sherehe, hukusanya na kutumia mamilioni ya shilingi, kisha huvunjwa ndani ya wiki chache kwa sherehe yake yenyewe, inayoitwa vunja kamati. Baada ya hapo hakuna ofisi, hakuna mhuri, wala mweka hazina wa kumdai. Karibu kila ushauri ninaoutoa hapa chini unatokana na ukweli huo.

Hatua ya 1: Ijue sherehe unayoitiwa

Mtu akikupigia simu na kusema ana harusi, muulize ni sherehe ipi. Sendofu ni sherehe ya upande wa bibi harusi, ya kumuaga binti yao, na ina machozi, nasaha za wazazi na nyimbo za taratibu nyingi zaidi kuliko harusi yenyewe. Harusi ya ukumbini huandaliwa na upande wa bwana harusi, na huko muziki wa kucheza hutawala. Kicheni pati ni ya wanawake, na zipo familia ambazo hazitaki mwanamume yeyote aingie humo, hata mpapasa kinanda. Uliza mapema, kwa sababu jibu hilo linaweza kukulazimu kutafuta wapigaji wanawake au kuiacha kazi kwa heshima. Kwa familia za Kiislamu uliza kama ni nikaha, walima au shughuli ya usiku ya kina mama, na uliza kwa adabu kama ala za muziki zinatakiwa kabisa, maana wapo wanaotaka dufu na kaswida tu, na wapo wanaotaka taarab hadi usiku wa manane. Ukiwa na kazi ya aina hiyo, jua saa za adhana na panga mapumziko yako yaangukie hapo, bila kusubiri mzee anyooshe mkono kukunyamazisha.

Kalenda nayo ina sheria zake. Desemba ni mavuno, na wiki zinazofuata Idi na Pasaka hujaa haraka. Lakini wakati wa Kwaresma makanisa mengi hayafungishi ndoa au hufungisha kwa nadra sana, na katika mwezi wa Ramadhani sherehe za Waislamu husimama. Kwa kuwa Ramadhani hurudi nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka, kuna miaka ambayo vipindi hivyo viwili hukutana: mwaka 2025 vyote vilianza katika wiki ya kwanza ya Machi, na mwaka 2026 vilianza katikati ya Februari, Jumatano ya Majivu ikiwa tarehe 18. Bendi isiyoweka akiba ya Desemba hujikuta ikiuza amplifaya Machi, na nimeshuhudia zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Katika majira hayo ya ukame, tafuta sherehe za kuzaliwa, mahafali na hafla za kampuni, ukijua kwamba kampuni itakuomba namba ya mlipakodi na risiti ya mashine, vitu ambavyo kamati ya harusi haiulizii.

Hatua ya 2: Ingia kwenye bajeti mapema

Kamati ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kamati ndogo za chakula, ukumbi na mapambo, usafiri na burudani. Fedha zake ni michango, nayo huja kwa sura mbili: ahadi zilizoandikwa kwenye daftari, na fedha taslimu zilizokwisha kufika. Pengo kati ya sura hizo mbili huonekana wazi katika vikao vya mwisho, mwenyekiti anapogundua kwamba ahadi za milioni kadhaa bado ni wino tu. Hapo ndipo makato huanza, na sijawahi kuona kamati ikianza kukata chakula au vinywaji. Huanza na burudani, kwa hoja moja isiyobadilika: "Si DJ yupo?"

Kwa hiyo fanya uwezavyo jina la bendi yako liingie katika bajeti kwenye kikao cha pili au cha tatu, wakati fedha bado hazijapangiwa kazi. Omba kuhudhuria kikao hicho kwa dakika 10, mara nyingi katika baa au bustani ya hoteli jioni ya Jumapili. Nenda na karatasi ya ukurasa mmoja yenye idadi ya wapigaji, saa mtakazopiga, vifaa mtakavyoleta wenyewe na vile mtakavyohitaji, pamoja na bei. Uwe na video fupi kwenye simu, iliyopigwa katika harusi halisi na yenye watu wanaocheza, kwa sababu wajumbe huwaangalia wachezaji kuliko wanavyowaangalia wapigaji. Usijitolee kuimba kikaoni. Wimbo mmoja bila mitambo mezani, katikati ya chupa na sahani za mishikaki, haujawahi kumpandishia mtu bei.

Kabla hujaondoka, uliza swali ambalo wengi hulisahau: siku ya sherehe, ni mtu gani mmoja atakayekuwa na neno la mwisho kwa bendi? Akitajwa, andika jina na namba yake mbele yao. Usiku ule atakuja shangazi kukutaka uongeze sauti, atakuja mjomba kukutaka uipunguze, na kijana mmoja wa upande wa bwana harusi atadai kwamba yeye ndiye aliyewalipa. Wote wajibiwe kwa upole kwamba fulani ndiye mwenye ratiba.

Hatua ya 3: Kokotoa bei kabla hujaitaja

Chukua mfano huu wa hesabu, ambao ni wa kuonyesha njia tu na hauna maana ya bei ya soko. Wapigaji watano, kila mmoja shilingi 120,000, ni 600,000. Usafiri wa pikapu kwenda na kurudi ni 100,000. Spika za kukodi pamoja na fundi mitambo ni 300,000. Mazoezi ya siku mbili, nauli na chakula kwa watu watano kwa 10,000 kila mmoja kwa siku, ni 100,000. Jumla ni 1,100,000, na ukiongeza asilimia 10 kwa ajili ya mfuko wa nyuzi, betri na matengenezo unafika 1,210,000. Hiyo ndiyo sakafu yako, na bei unayoitaja kikaoni lazima iwe juu yake, kwa kuwa watakuomba upunguze hata kama ungetaja nusu.

Faida ya hesabu hii ni kwamba kamati ikisema ina 900,000 tu, unajua cha kuondoa. Unaweza kukubali kutumia mitambo ya DJ na hivyo kuokoa sehemu kubwa ya ile 300,000, na isipotosha, kwenda na watu wanne badala ya watano. Usikate malipo ya wenzako kimyakimya ili kulinda jina la bendi. Mpiga besi aliyepewa 70,000 baada ya kuahidiwa 120,000 atafika kazi inayofuata saa 3 usiku, au hatafika kabisa na utasikia yupo jukwaani na bendi nyingine.

Hatua ya 4: Andikeni mkataba wa ukurasa mmoja

Mkataba wa harusi haupaswi kuwa mrefu, lakini unapaswa kusainiwa na mtu wa kamati, ikiwezekana mwenyekiti pamoja na mweka hazina. Uwe na tarehe, ukumbi, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, idadi ya wapigaji, nani analeta mitambo, bei, na namna ya malipo. Weka pia malipo ya kila saa itakayozidi, kwa sababu kadi ya mwaliko husema saa 12 jioni na maharusi huingia saa 2 usiku, na usipoandika jambo hilo, saa mbili hizo za kusubiri zitakuwa zawadi yako kwa maharusi. Andika kwamba bendi itapewa chakula na mahali pa kukaa. Mstari huo unaonekana mdogo hadi utakapowaona wenzako wamesimama nyuma ya jiko wakiomba sahani.

Malipo yagawe mara mbili tu. Nusu ni kianzio, au advansi kama wengi wanavyoiita, na bila hiyo tarehe haijashikwa. Nusu ya pili ilipwe kabla ya wimbo wa kwanza kupigwa. Najua kwamba wengi hukubali kumaliziwa "kesho asubuhi," nami nilikubali hivyo kwa miaka. Katika harusi moja tulibakiziwa theluthi ya malipo yetu. Mweka hazina alikuwa mtu mwenye heshima zake, akaniambia nipite Jumatatu, na Jumatatu akawa amesafiri kikazi. Baada ya wiki tatu nilipigiwa simu, nikafurahi nikidhani fedha zimepatikana. Nilikuwa ninaalikwa kwenye vunja kamati, na niliombwa nije na kinanda kuwachangamsha wajumbe. Nilikwenda, nikala nyama, nikapapasa kinanda, na lile deni hadi leo sijalipwa.

Kuna kifungu kimoja zaidi ambacho kwetu hakikwepeki, nacho ni msiba. Ikitokea kifo katika familia wiki ya harusi, sherehe huweza kusogezwa au kufanywa ndogo kanisani tu. Andika kwamba kianzio hakirudishwi bali kitahamia tarehe mpya, na msiba wenyewe ukitokea usianze kulizungumzia jambo la fedha. Nenda kawape pole kwanza, mkataba utakuwepo baadaye.

Hatua ya 5: Chagua nyimbo kwa kusikiliza familia, kisha maneno

Bendi ya harusi huishi kwa kopi, yaani nyimbo za wanamuziki wengine, na hakuna aibu katika hilo. Nyimbo zako mwenyewe weka mbili tu, wakati wa chakula, watu wakiwa hawasikilizi sana. Ghala lako liwe na nyimbo za injili za kuanzia, rumba na sebene lake (ile sehemu ya kasi ya magitaa na kucheza), zilipendwa, bongo fleva, taarab kidogo, na ngoma za makabila. Zilipendwa zina saa yake. Wazazi na babu za maharusi wa leo walicheza nyimbo za NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, na za Mlimani Park ya mwaka 1978, na wazee hao huondoka mapema. Ukiziweka nyimbo zao baada ya saa 5 usiku utakuwa unawapigia viti. Zipige mara baada ya chakula, wakiwa wameshiba na bado wapo.

Uliza makabila ya pande zote mbili, na jifunzeni angalau wimbo mmoja wa kila upande. Familia ya Kihaya au ya Kinyakyusa ikisikia mdundo wa kwao uliopigwa sawasawa, utaona viti vinaachwa bila MC kusema neno. Wimbo huo jifunzeni kwa mzee wa kabila hilo, mkirudia maneno mbele yake, kwa sababu lugha nyingi zetu zina maneno yanayotofautiana kwa mvuto wa sauti tu, na mwimbaji akikosea anaweza kuwaombea maharusi jambo ambalo hakulikusudia.

Kisha soma maneno ya kila wimbo kana kwamba wewe ni mama mkwe. Nyimbo nyingi tamu za dansi la zamani ni malalamiko ya mume aliyesalitiwa, mke aliyetelekezwa, au nyumba iliyovunjwa na ndugu wa mume. Mdundo ni mzuri, watu watacheza, na mwishoni mtu mmoja kwenye meza kuu atakuwa amenuna bila wewe kujua sababu. Taarab ya mipasho ndiyo ya kuogopwa zaidi. Taarab yenyewe ni mwenyeji wa harusi tangu zamani. Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, aliitoa katika majumba ya wakubwa na kuiimba kwa Kiswahili cha watu. Lakini katika taarab msikilizaji huuchukua wimbo na kuufanya wake. Nimemwona mama mmoja akiinuka na noti mkononi kuja kumtunza mwimbaji, akapita njia ndefu kuzunguka meza ya wifi yake, akasimama hapo kwa beti nzima akiimba pamoja na mwimbaji na kuelekeza kidole sakafuni, na noti ikachelewa kufika jukwaani. Ukiona hali hiyo inaanza, ingia kwenye kiitikio, fupisha, na uhamie wimbo wa kumsifu bibi harusi.

Iwapo kamati inataka pia matarumbeta ya kuusindikiza msafara kutoka kanisani, wapeleke kwa wenye kazi hiyo. Wale vijana wanaopuliza wakiwa wamekaa nyuma ya pikapu, migongo yao ikiwa upande wa dereva ili waione gari ya maharusi, ni warithi wa ngoma ya beni iliyoanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na kushindaniwa na vyama vya Marini na Arinoti. Kupiga ukiwa juu ya gari linalotembea barabara ya Morogoro kuna ufundi wake, na saksafoni yako haijauzoea.

Hatua ya 6: Tembelea ukumbi na uulize kuhusu umeme

Nenda siku chache kabla, na ikiwezekana usiku. Angalia jukwaa la bendi litakuwa wapi, kwa kuwa mpambaji naye amelipwa na mara nyingi amekwisha kupanga maua pale ulipodhani utaweka ngoma. Uliza soketi zipi zinaingia kwenye jenereta umeme ukikatika, maana katika baadhi ya kumbi jenereta hulisha taa na jiko lakini jukwaa hubaki gizani. Omba laini ya mitambo isiwe moja na vipoza hewa na taa za mapambo. Ikiwa moja, spika zitavuma usiku kucha na fundi atalaumiwa bure.

Umeme ukikatika, jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka. Spika hurudi mara moja, lakini kinanda huwaka upya polepole na hupoteza sauti ulizozipanga, kwa hiyo kiwekee UPS ndogo, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme, yake peke yake. Na mfanye zoezi la giza: mmoja wenu azime kila kitu katikati ya wimbo wakati wa mazoezi, na mpiga dramu pamoja na waimbaji waendelee bila kusita. Tulikatikiwa umeme bibi harusi akiwa nusu ya njia kuelekea meza kuu. Dramu na sauti ziliendelea, watu wakadaka kiitikio na kupiga makofi, wakawasha tochi za simu, na hadi leo wapo wanaodhani tulipanga hivyo.

Wakati wa kupima sauti kumbuka kwamba ukumbi mtupu hudanganya. Sauti hugonga kuta na kurudi, hivyo utaona besi imezidi na maneno hayaeleweki. Watu 300 wakikaa, miili na nguo zao hunyonya mwangwi, na utalazimika kurekebisha tena katika nyimbo mbili za kwanza. Maiki zisizo na waya zibadilishiwe betri siku hiyo hiyo, hata kama za zamani zinaonekana nzima.

Hatua ya 7: Itumikie ratiba usiku wenyewe

Fikeni saa tatu kabla ya sherehe kuanza. Kabla ya wageni kuingia, kaa na MC na DJ kwa dakika 15, mpitie ratiba mstari kwa mstari, na amueni kila tukio ni la nani: kuingia kwa wazazi, kuingia kwa wasimamizi, kuingia kwa maharusi, keki, shampeni, chakula, zawadi, shukrani, kufungua muziki. Kukubaliana huko ndiko kunakozuia aibu kubwa kuliko zote za kazi hii, ambayo ni DJ na bendi kuanza nyimbo mbili tofauti kwa pamoja bibi harusi akiwa mlangoni. Mpeane ishara tatu: anza, fupisha, nyamaza. Ishara ya kunyamaza mwimbaji wako aitii hata kama yuko katikati ya neno, kwa sababu MC mzuri huona mambo ambayo bendi haiyaoni, kama vile baba wa bibi harusi kuzidiwa na machozi.

Kuingia kwa maharusi kunataka wimbo unaoweza kurefushwa. Hatua 20 za ukumbi huweza kuchukua dakika 2 au dakika 12, kutegemea wapiga picha na wasimamizi wanaocheza mbele yao. Mpapasa kinanda ashike mzunguko mmoja wa kodi nne za muziki, mwimbaji arudie kiitikio, na ubeti wa mwisho uwekwe akiba hadi maharusi wamesimama mbele ya viti vyao.

Chakula ni wakati wa ala tupu na sauti ya chini. Kipimo changu ni kwamba watu wawili waliokaa meza ya karibu na spika waweze kuzungumza bila kuinamiana. Ikiletwa ndafu, yule mbuzi mzima aliyeokwa na kuwekewa majani mdomoni ambaye Wachaga wamemfanya mgeni wa kawaida wa harusi za mjini, mpishi ataingia akicheza, nanyi mpandishe mdundo kwa dakika hizo chache kisha mrudi chini.

Zawadi ndiyo sehemu inayoitofautisha bendi ya harusi na bendi ya baa. Makundi huitwa moja baada ya jingine: ukoo wa mama, ukoo wa baba, majirani, wafanyakazi wenza, kwaya, waliosoma na bwana harusi. Kila kundi huja likicheza kutoka mwisho wa ukumbi, kina mama wa mbele wamejifunga vitenge vya sare, nyuma yao vijana wamebeba friji au godoro kichwani. Mpigaji mgeni huanza wimbo mpya kwa kila kundi, na utangulizi wake wa polepole humalizika kundi likiwa limeshafika mezani. Ingieni moja kwa moja kwenye sebene. Gitaa la solo lishike, besi itembee, na mwimbaji aite jina la kundi kama lilivyoandikwa kwa MC. Mwangalie aliyebeba mzigo mzito kuliko wote, na mwendo wa wimbo uwe mwendo wa miguu yake. Mkienda kasi kuliko yeye, kundi litakatika vipande viwili na shangazi wa mbele atafika peke yake. Akishaweka mzigo chini, hesabu mizunguko minne na mteremshe sauti ili MC aite kundi linalofuata. Makundi 15 kwa dakika 4 kila moja ni saa nzima bila kupumzika, kwa hiyo wapigaji wapate chakula kabla, wala wasingoje baada.

Ukifika wakati wa kufungua muziki, muda uliobaki huwa mfupi kuliko ulivyopangwa. Kumbi nyingi huzima muziki saa 6 usiku, na kamati hulipishwa ikizidisha. Wape nyimbo tatu zenye nguvu mfululizo, halafu mwachieni DJ saa ya mwisho bila ugomvi. Vijana wanazitaka nyimbo kama zilivyo redioni.

Hatua ya 8: Tuzo, pombe na mavazi

Kubalianeni kabla kama fedha anazotunzwa mwimbaji ni zake au ni za bendi. Sisi huweka kapu moja, mwimbaji akichukua sehemu mbili na wengine moja moja, kwa sababu noti hubandikwa kwenye paji la uso wake ingawa mguu uliomwinua mtoaji kitini ulichochewa na besi. Mhesabu fedha awe mtu asiyeimba. Pombe isinywewe kabla ya kufunga mitambo, hata mwenyekiti akiituma mezani kwenu kwa upendo; ipokeeni, shukuruni, iwekeni chini ya kinanda. Mavazi ulizeni rangi za sherehe, kisha msivae rangi ya wasimamizi.

Hatua ya 9: Karatasi za serikali

Jisajilini BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, kwa kuwa hafla za kampuni na taasisi zitawataka mwonyeshe usajili huo. Muulize mwenye ukumbi kuhusu leseni ya muziki, kwa sababu kuimba kopi hadharani kunaguswa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mkataba wenu useme wazi kwamba jukumu hilo ni la ukumbi au la kamati. Sherehe ikiwa nyumbani, chini ya turubai, kibali huombwa serikali ya mtaa, na mwenye nyumba ndiye anayeomba. Kionyeshwe kwako kwa macho. Malalamiko ya kelele yakifika manispaa au kwa wasimamizi wa mazingira wa taifa, spika zinazochukuliwa ni zako.

Hatua ya 10: Kufunga na kuondoka

Nyaya za DJ na zako hufanana gizani, hivyo fungia utepe wa rangi moja kila waya, maiki na stendi, na hesabu kwa kutumia orodha ileile mliyopakilia. Mtu mmoja abaki na pikapu muda wote, maana vitu vingi hupotea kati ya mlango wa ukumbi na gari. Wenzako walipwe usiku huohuo kabla ya kila mmoja kupanda bodaboda yake, jambo linalowezekana tu kama ulipokea nusu ya pili kabla ya wimbo wa kwanza. Siku ya pili mwandikie katibu ujumbe mfupi wa kuwashukuru na kuomba vipande vya video, ukiutuma kabla kundi la WhatsApp la kamati halijafutwa. Katibu huyo, mara nyingi, tayari yuko katika kamati ya harusi nyingine, na kikao chao cha pili ni Jumapili ijayo.